Taulo Niliyoibeba Begani

Alhamisi, saa kumi jioni. Upepo umerusha vumbi tangu asubuhi hapa Kaptembwo, na nepi nilizoanua zimekuwa na rangi ya barabara. Itabidi nizifue tena. Nimekaa nyuma ya nyumba na simu, na sina raha.

Kuna jambo nimelificha tangu Jumanne, na linamwumiza mtu ambaye hajakosa chochote.

Jumamosi wanawake wa plot yetu, tunaopanga vyumba ua mmoja, na wengine wa kanisani walikuja kumwona mtoto wa dada yangu Nyambura. Anaitwa Baraka, ana wiki tatu. Mama alitangaza kwamba hakuna atakayembeba kabla ya kunawa kwa sabuni, na kazi ya kunawisha wageni ikawa yangu, kwa kuwa nimemaliza Form Four na mimi ndiye msichana aliyebaki nyumbani. Jagi la maji ya uvuguvugu mkono mmoja, karai mkono wa pili, taulo begani. Unamwinamia kila mgeni, unammiminia, naye anachukua taulo begani kwako, anajipanguza, anairudisha.

Kazi hiyo naipenda kwa sababu haihitaji kuongea. Shuleni, kwenye klabu ya afya, mwenzangu alikuwa akieleza namna ya kunawa na mimi naonyesha kwa mikono, maana sauti yangu haifiki dawati la pili. Viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, kucha. Jumamosi nilimimina polepole ili kila mtu afike mpaka kwenye kucha. Mama mmoja wa kanisani akasema, "Ala! Huyu msichana ananisugulisha kama sufuria ya githeri. Kwani naenda kupasua mtu?" Wote wakacheka. Nikajisikia vizuri, sitadanganya.

Sasa ile sehemu ngumu.

Tangu Ijumaa jicho langu la kushoto lilikuwa linawasha na kutoa machozi. Nilidhani ni hili vumbi. Jumamosi niliamka likiwa limegandana kwa tongotongo. Nikanawa uso, nikajipanguza kwa taulo ya sebuleni, nikaendelea na kazi. Wageni walipofika nikachukua taulo hiyo hiyo, nikaiweka begani.

Wanawake tisa walinawa vizuri kabisa. Halafu wakapangusa mikono safi kwenye ugonjwa wangu, wakambeba mtoto, wakamshika mashavu.

Jumanne Baraka aliamka kope zimevimba na usaha wa manjano umezifunga. Nyambura alikuwa analia kuliko mtoto. Tulikwenda kliniki mbio, mimi nikibeba mkoba wa nepi. Nesi alitupa dawa ya kutia machoni, akasema tumefanya vizuri kutosubiri, kwa sababu macho ya mtoto mchanga si ya kuchezewa. Akasema turudi Ijumaa aone kama jicho lenyewe limepona au limeumia ndani. Kisha akauliza, "Nyumbani kuna mwenye shida ya macho?"

Jicho langu lilikuwa limeshaanza kupoa. Nikafungua mdomo.

"Kuna jirani," Mama akasema. "Macho yake ni mekundu siku zote."

Nikaufunga.

Nesi aliuliza pia tunajipanguza na nini. Akaeleza kwamba taulo moja yenye unyevu ikizungushwa kwa watu wote inarudisha mikononi kile ambacho sabuni imetoa. Kila mtu awe na kitambaa chake, kifuliwe, kikauke juani. Kama hakuna, afadhali ukung'ute mikono na uiache ikauke yenyewe. Alisema kwa upole, bila kumtazama mtu. Mama aliitikia tu huku akitafuta kadi ya mtoto. Mimi kila neno lilinichoma.

Jirani mwenyewe ni Mama Halima, mjane anayekaa mlango wa nne. Anakaanga mahamri kila alfajiri, na macho yake ni mekundu kwa moshi. Hapa kwetu hakuna anayenawa mara nyingi kumshinda, maana kabla ya kila swala utamwona na birika lake pale nje. Na kuna kitu ambacho nimekikumbuka baadaye. Jumamosi, nilipomaliza kummiminia, hakuchukua taulo yangu. Alijipanguza kwa leso yake. Wakati ule niliona kama ananidharau.

Yeye peke yake.

Jana asubuhi alileta mahamri ya Nyambura, kama alivyofanya tangu mtoto azaliwe. Mama alisimama mlangoni, majirani wakisikia, hakumpisha.

"Tumeshakula, Mama Halima. Na tafadhali, na hayo macho usikaribie hapa. Kuna mtoto."

Mama Halima akacheka, akidhani ni utani. "Haya macho? Haya ni ya moshi, mama. Hata mume wangu alinioa nayo!"

Mama hakucheka. Mama Halima akamtazama, akanitazama na mimi, akafunika sahani kwa gazeti, akaondoka. Leo saa tatu beseni lake la mahamri lilikuwa bado limejaa. Kwa kawaida saa hiyo huwa anaosha vyombo. Plot nzima imeshasikia.

Leo mchana nilimwambia Mama. Nilimkuta anamenya viazi, na ilibidi nirudie mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakunisikia. Kisu kilisimama.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi nyamaza. Nimeshasema mbele ya watu. Unataka niitwe mwongo hapa? Mtoto akipona, haya maneno yataisha."

Akaokota kiazi kingine, akaongeza kwa sauti ndogo kama yangu, "Nikimwangalia yule mtoto, naogopa. Wacha kwanza." Nilimwonea huruma. Lakini mtoto akipona, Mama Halima atakuwa ameponaje?

Nimefanya yale niliyoweza kufanya bila kusema. Nimechemsha ile taulo. Nimekata shuka la zamani vipande, kila mmoja chake, nikashona uzi wa rangi yake kwenye pembe: Mama kijani, Nyambura nyekundu, mimi buluu. Sasa Nyambura ananawa na kujikausha kwa kitambaa chake kabla ya kumtia mtoto dawa, na tena baadaye. Leo Baraka amefungua jicho moja. Nyambura akaniambia, "Bora wewe ulinawisha watu vizuri siku ile." Nikatoka nje.

Kwa hiyo nimeamua. Mama atakasirika, najua, na nitamwambia leo jioni kwamba nitakwenda, ili asisikie kwa watu. Kesho kabla ya kwenda kliniki nitasimama mbele ya jiko la mahamri, wakati wanunuzi wapo, na nitasema. Najijua, huenda sauti isitoke. Ndiyo maana nimeandika yote haya leo, polepole, bila kuruka kitu. Nikishindwa nitampa simu asome.

Mama Halima, kama ni wewe unayesoma, basi mdomo umenishinda, na huyu aliyesimama hapa mbele yako ndiye aliyefanya. Tafadhali wasomee kwa sauti hao waliokuja kununua, na hao wanaopita tu bila kununua. Mimi siendi popote mpaka umalize.