Meza Yetu ya Getini Tunduma

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Uniombee dua, maana baridi ya Tunduma imenivalisha suruali mbili.

Unajua chuo kimetutuma sisi wanne wa shahada ya pili tuisaidie kampuni ya malori ijue kwa nini magari yake yanachelewa kutoka yadi. Tukaweka meza getini, tukakaa na saa na kalamu. Basi, dada, dereva wa kwanza kutuona akasimama, akashuka, akavua kofia na kutuletea leseni. Wa pili akaanza kufungua turubai ili tukague mzigo. Tukisema, "Ndugu, pita tu," ndiyo wanazidi kuogopa! Kufika adhuhuri foleni ya wanaotoka na wanaoingia imeshika barabara hadi sokoni, na madereva wa Zambia wanatupigia honi.

Meneja akaja anahema. "Alama zenu naziandika mimi!" akafoka, nikajua shahada imeota mbawa. Tukaondoa meza. Hapohapo malori yakatoka mbio kuliko siku zote, kila dereva akitaka kufika mbali kabla hatujairudisha. Meneja akacheka mpaka machozi, akaandika kwamba tatizo limekwisha.

Aliyenuna ni mama mmoja Mnyamwanga anayeuza mahindi ya kuchemsha hapo getini, ambaye foleni ilimmalizia sufuria nzima. "Wanangu," akatusihi, "hata kesho asubuhi tu, irudisheni."

Mungu akuweke, na watoto uwabusu. Nawe unayelalamika kwamba watu wanavipita vitumbua vyako, usiongeze sukari. Tafuta meza, kalamu nitakuja nayo.

Mdogo wako,
Hemedi