Hata Ubao Mmoja

12 Machi

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Mama anaamka, ila kifua kimerudi. Ukuta wa chumba chake umeota ukungu mpaka usawa wa mto anaolalia. Nikiufuta leo, keshokutwa umerudi.

Mbao ulizotununulia tumezipanga kibandani kama ulivyoelekeza, kila safu na vijiti katikati ili hewa ipite. Mama anasema mbao zina bahati, zimepewa paa lisilovuja. Kila asubuhi huzigonga kwa vidole, anasikiliza, kisha ananiambia, "Bado zimenuna."

Mzee Randa, seremala, anasema anaweza kuanza na chumba kimoja tu, cha mama. Tumruhusu?

Dada yako

2 Aprili

Dada yangu,

Natumaini hujambo, na mama ana nafuu. Huku nashinda najenga nyumba za mbao tupu. Ukuta unapumua, ukungu hauna pa kushika, na nje pakiwa na baridi kali, ndani jiko dogo linatosha. Ndiyo maana sitaki tulipue kazi. Mbao mbichi zikijengwa hupinda, nyufa zikafunguka, baridi ikaingia. Mvua za mwaka huu zipite kwanza. Mwambie Mzee Randa asiguse hata ubao mmoja. Mama avumilie kidogo. Namjengea nyumba itakayotuzika sote.

Kaka yako

20 Mei

Kaka,

Hujambo? Huku si kuzuri. Mama sasa analala amekaa. Nilitaka kuhamishia kitanda chake kibandani, kwenye ukavu, lakini mbao zimejaa mpaka mlangoni. Nikaanza kuzitoa nje. Mama akanishika mkono. "Zitanyeshewa. Mwanangu atasema nini?"

Nijibu upesi.

Dada yako

9 Agosti

Dada yangu,

Mko salama? Samahani kwa kimya. Tulihamishiwa kazi mji mwingine, na barua zenu sijui zimeishia wapi. Mvua huko zimekwisha sasa. Mwambie mama azigonge mbao. Zikilia kama mtu anayebisha mlango, zimekauka. Chumba chake kitakuwa upande wa jua la asubuhi. Nitakuja kujenga mwenyewe. Mpaka hapo zisiguswe. Namletea blanketi jepesi, humo hatahitaji zito.

Kaka yako

30 Agosti

Kaka,

Salamu. Mama tulimzika mwezi wa sita. Simu yako haikupatikana.

Mzee Randa alitaka mbao zako atengenezee jeneza. Nilimkataza mimi. Mama alikuwa ameniapisha zisiguswe, nawe ulishasema. Akapata mbao mbichi, akatengeneza. Asubuhi ya mazishi jua lilitoka kali, kifuniko kikajikunja upande wa miguu. Ulisema kweli, hupinda. Watu walisimama wakingoja, naye akigongelea misumari huku, kule kunainuka. Niliona soksi za mama za kijani, zile ulizomtumia. Mwishowe tulikifunga kwa kamba ya kuanikia nguo.

Jana nimezigonga mbao. Zinalia vizuri, hakuna hata moja iliyopinda.

Blanketi lete zito. Chumba cha mama nalala mimi sasa, nilishindwa kukiacha kitupu, na nimeanza kukohoa. Mzee Randa alipita tena leo kuulizia mbao. Nimemwambia kaka amesema zisiguswe.

Dada yako