Kipuri Shingoni mwa Mbuzi

Jumapili, jioni. Vumbi tupu, na mawingu ya uongo juu ya Lukenya.

Tangu mchana yanajikusanya, yanatuangalia, yanaenda zao. Nimeketi nje na chai ambayo imeshapoa. Magoti yananiuma kwa ile njia ya Mwala, lakini leo si magoti yanayonisumbua.

Nimefanya jambo ambalo fundi hafanyi. Nimeng'oa kipuri kizima kwenye ndege na kumrudishia mbuzi.

Wacha nianzie mwanzo, maana hata mimi nikijisikia naona kama nimerukwa na akili.

Wanaonisoma kila wakati wanaijua hiyo ndege. Kwa mgeni: ni ndege ya jeshi ya zamani, ya enzi ya mkoloni, viti viwili, ambayo Kapteni, rubani mstaafu, aliinunua ikiwa mifupa mitupu. Huu ni mwaka wa sita naifufua kwenye banda huku Lukenya. Ni kazi yangu ya mwisho. Nilijiambia nikishaiona ikipaa, naweka spana chini naenda kulima.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja. Kikombe cha chuma, hakizidi kikombe cha chai kwa ukubwa, chenye tundu kwenye kitako, ambacho hushika gurudumu la mkia lisiyumbe. Waliokitengeneza walifunga kiwanda zamani. Niliwaandikia watu wa ng'ambo wanaotunza ndege kama hizo, wakanijibu kwa adabu kwamba hata wao wanakitafuta. Cha kuchonga nacho hakifai. Hakina namba wala karatasi, na mkaguzi hawezi kuruhusu ndege iruke nacho. Mwaka mzima nimezunguka kwa wauza vyuma chakavu na picha mkononi, kama mtu aliyepotelewa na mtoto.

Basi siku moja soko la Masii, Abdi anayenunua mifugo akachungulia ile picha, akacheka.

"Mama, hii nimeiona Mwala. Iko kwa shingo ya mbuzi. Nilimtaka huyo mbuzi, nyanya akakataa katakata."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Nyanya mwenyewe anaitwa Susu Kalekye; susu ni nyanya kwa Kikamba. Marehemu mume wake alikuwa kibarua mahali ndege hizo zilikuwa zinavunjwa, na siku moja akaja nyumbani na kile kikombe. Akapitisha ukanda kwenye tundu, akaning'iniza ulimi wa mti ndani, kikawa kengele. Tangu hapo kimerithiwa na mbuzi mmoja baada ya mwingine. Siku hizi anakivaa jike mzee anayeitwa Mutongoi, yaani kiongozi, kwa sababu akienda, wote wanaenda. Nilifuta vumbi kwa kidole nikaiona namba, ile ile ninayoijua kwa kichwa. Jameni, nililia mbele ya mbuzi.

Sasa hapa ndipo penye dhambi yangu.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Kwa mzee huendi mikono mitupu, kwa hivyo nilikuwa na unga na sukari, na kengele mpya ya Masii ya kubadilishana. Niliona Susu akimimina chai huku kidole kikiwa ndani ya kikombe, ajue imefika wapi. Niliona macho yake yana ukungu. Nikaendelea na maneno yangu tu, ndege hivi, ndege vile, miaka sita, Kapteni. Mutongoi akafunguliwa kengele, Susu akaishika muda mrefu, akiigeuzageuza. Halafu akasema, "Mwana wa mtu akiomba, atanyimwaje? Chukua."

Nilimwona akisita. Nikajifanya sijaona.

Kile kikombe kiliingia mahali pake bila hata kugongwa. Nilipompigia Kapteni simu alisema Jumatatu hii ya kesho atakuja na mkaguzi. Nilitembea nikizunguka ile ndege nikiimba peke yangu. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Alhamisi akanipigia Mwende, mke wa mtoto wa Susu. Hakunilaumu hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Alinieleza tu. Kengele mpya za Masii ni za bati na zote zina sauti moja, na kila boma kutoka kwao hadi mtoni linazo. Susu haoni mbuzi wake, anawasikia. Siku iliyotangulia alikuwa amefuata kengele ya mbuzi wa jirani akidhani ni Mutongoi, akateleza kwenye ukingo wa mto mkavu, akakaa hapo mchangani akiita mpaka jioni. Mguu umevimba. Na mbuzi wake walipatikana ndani ya ndengu za watu.

Mimi hujisifu kwamba injini ikinguruma nitakwambia inaumwa wapi kabla hujaifungua. Kumbe sikujiuliza yule mama anasikiliza nini.

Ningependa kuandika kwamba nilijuta papo hapo nikakimbia Mwala. Hapana. Ijumaa nilienda kwa fundi wa jua kali anikerezee kikombe kingine, kipimo kile kile, nikamwambie Susu ni kile chake. Ndiyo, hata hapo nilikuwa bado nang'ang'ana. Cha kweli nilikitoa kwenye mkia jana, nikakificha ndani kabisa ya mkoba, nikitoe ikibidi tu.

Leo baada ya misa nikapanda boda boda. Susu alikuwa ameketi mlangoni, mguu umefungwa kitambaa. Nikampa kile cha kuchonga. Akakipiga kwa ukucha, akatabasamu, akakitikisa. Mutongoi alikuwa amelala chini ya mgunga na wenzake. Hakuinua hata sikio.

"Kizuri," Susu akasema. "Lakini si chenyewe, mwanangu."

Nilisikia aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikaingiza mkono mkobani nikamwekea kile cha kweli kiganjani, na ukanda wake, na ulimi wake. Akakitikisa mara moja tu.

Mutongoi aliinuka. Akaja moja kwa moja, na wengine wote nyuma yake, wakajaa pale mlangoni mpaka Mwende akaokota fimbo kuokoa sufuria zake. Susu alicheka akiwashika mmoja mmoja kichwani na kuwataja majina. Mimi nilijifanya vumbi limeniingia machoni. Halikuwa limeniingia.

Nilipoomba msamaha alinyamazisha maneno yangu kwa mkono. "Nikifa, njoo ukichukue. Mwende nimemwambia. Hakuna mwingine atapewa."

"Aiya, Susu, usiseme hivyo!"

"Kwani hiyo ndege yako iko na haraka ya kwenda wapi?"

Nilimfunga Mutongoi kengele yake shingoni, nikaaga.

Kesho saa mbili asubuhi Kapteni anafika na mkaguzi, na watakuta mkia umelazwa juu ya gogo. Sijamwambia. Naogopa, wacha niseme ukweli. Anaweza kunifuta kazi na sitamlaumu. Nitamwambia uso kwa uso kwamba kipuri hakijapotea, kiko Mwala, kina kazi.

Mwaka mzima nimemwomba Mungu anipe kile kikombe upesi. Leo jioni, nikiangalia haya mawingu ya uongo, nimejikuta naomba kinikawie. Kinikawie miaka kumi, hata ishirini, hata kama magoti yangu hayatakingoja.