Jina ya Albertine Ndani ya Kitunga

Kazi moja, 28/10
Asubui nilisoma tena Bamakabayo mu Biblia yetu ya Katolika, ukurasa mbili, kidole inafuata mistari. Antioko, mufalme mugeni, anakataza Bayuda sala ya bankambo, babu yao ba zamani. Anabalazimisha kula nguruwe. Matatia anakataa mbele ya bote. Muzee kama minyi. Miaka makumi tatu na moja nilipindua vyuma ya njia ya treni hapa Kamina, hii ipite huku, ile kule, hata treni moja haikuanguka. Bachefu bane balinipigia kelele. Bote balikufa. Minyi niko.

Posho, nyuma ya kazi tano, njo misa ya bafu, bale balikufa. Kila jamaa inaandika majina ya bafu yake kwa karatasi, inatia ndani ya kitunga mbele ya altare, padri anasoma. Bibi yangu Albertine, mama ya mutoto yangu, alikufa mwezi wa tatu. Jina yake itakuwa ya kwanza.

Kazi mbili, 29/10
Mutoto yangu Georgine alikuya na bwana yake, Ngoy. Beko mu kanisa ya uamsho, nyuma ya soko. Banasema nisiandike Mama. Mufu ni mufu, hakuna kumuombea. Ngoy anasema Bamakabayo haiko ndani ya Biblia yake. Nikamwambia basi balikuuzia nusu, mukwe. Akacheka. Anakalia kiti yangu, anakatazia bafu yangu sala. Antioko njo huyu, na kravati kwa shingo.

Kazi tatu, 30/10
Bukari sikukula. Hasira inashibisha.

Kazi nne, 31/10
Nilifungua malle, sanduku ya nguo ya Albertine, nitoe kikwembe yake ya picha ya Mama Maria, nitandike kwa kaburi. Chini yake, kilemba nyeupe. Ya bamama ya kanisa ya Georgine. Imefuliwa mara mingi. Kumbe kila siku ya kazi tatu akisema anaenda shamba, njo kule alikuwa anaenda.

Nilipanda baiskeli mpaka kwa Georgine, nikamutupia kilemba kwa miguu. Aliiokota, akaikunja polepole.

"Papa, Mama alikuwa anaogopa kelele yako. Miaka ine alisali kwetu kwa kujificha."

Nilimunyanganya kilemba, nikarudi. Karatasi ya misa nilipasua. Aombewe na bale bake.

Kazi tano, 1/11
Nilisoma juu sina kitu ingine ya kufanya. Yuda, mutoto wa Matatia, anaenda kuokota baaskari bake balikufa mu vita. Chini ya nguo ya kila mufu anakuta sanamu ya miungu ya bageni. Balificha. Nikasema sasa atabaachia imbwa. Hapana. Anabaombea. Anatuma sadaka Yerusalema juu yao.

Nilikasirika na Yuda pia. Nilifunga kitabu na nguvu. Nyuma ya hapo nikafungua tena.

Bayuda balikuwa banaficha sala yao juu ya kuogopa mufalme. Mu hii nyumba, nani alikuwa anafichiwa?

Sipendi hii swali.

Posho, 2/11
Karatasi mupya. Niliandika ALBERTINE, herufi kubwa. Padri alisoma. Ya kumi na saba, si ya kwanza. Nilipiga magoti na bengine.

Georgine alisimama inje kwa mulango. Hakuingia. Hakuenda pia. Baadaye tulitembea naye mpaka makaburini. Tulitandika kikwembe, yeye pembe mbili, minyi mbili. Hakusali. Alingoja nimalize, tukakunja kikwembe, nikarudi nayo.

Nyumbani nilikunja kilemba muzuri, nikairudisha mu malle, chini ya kikwembe, vile Albertine aliiweka.