Jogoo wa mkaguzi

Juru, Alhamisi

Na mimi ndiye niliyewafundisha waandike kila kitu.

Leo mkaguzi alitoka Mbarara kuamua kama darasa langu la uhasibu litabaki na kompyuta. Kikundi cha mwanafunzi wangu Nadine, ambacho mradi wake ni kufuga kuku, kilimchinjia jogoo. Akala mpaka shingo. Kisha akaomba aone hesabu zao, na kwenye programu akasoma: "Jogoo, ameliwa na mgeni. Hasara."

Nikaanza kuziaga kompyuta kimoyomoyo.

"Mgeni si hasara," akasema. "Weka mimi kwa matangazo."

"Matangazo inaletaka bateja," Nadine akamjibu kwa upole. "Wewe ulituletea nani?"

Nilijifanya ninakohoa. Mkaguzi akacheka hadi machozi, akaagiza kuku wawili. Kompyuta zinabaki. Nilipaswa kumkaripia Nadine, lakini nimempa alama zote.