Waya Chini, Mkwe Njiani

Jumatatu, 26 Novemba 1956

Mama mkwe kafika kutoka Ipole na asali yake. Mimi nimetoka kwa mlango wa nyuma, kama desturi ya kumheshimu mkwe. Miaka sita nimemwoa Pelagia, na mama yake sijawahi kumtazama usoni wala kusema naye! Nikimwona njiani napisha, hata kwa kuingia vichakani. Marehemu mumewe, Mzee Luhende, alikuwa fundi wa bangili za waya. Mpaka leo mama anatembea na koleo la mzee kikapuni.

Jumanne, 27 Novemba 1956

Dhoruba! Bati la jirani limeng'oka, taa zimezimika mji mzima. Nimechomoa pasi na redio — umeme hurudi bila hodi. Nikamwambia Pelagia kwa sauti, ili anayehusika asikie chumbani: waya ulioanguka usiguswe, hata kama taa hazipo. Mama akamjibu binti yake huko huko: mzee wake kafua waya tangu siku za wapagazi, hakuna hata mmoja uliomng'ata. Nikacheka peke yangu. Waya ule ulikuwa wa dukani, huu wangu mimi fundi wa umeme unabeba moto.

Jumatano, 28 Novemba 1956

Naandika kwa penseli, barabarani Kanyenye. Nguzo imelala, waya wa shaba uko matopeni. Selemani, mwenzangu wa kazi, kapanda baiskeli kwenda kwenye mtambo wa umeme kuwaambia laini hii wasiiwashe. Mimi nazuia watu. Hatua ishirini, asivuke mtu! Kazi hii naiweza.

Saa tano. Niandike upesi.

Alikuja mama mkwe. Koleo mkononi! Shaba yote ile chini, bure — yeye aliona bangili tu. Miguu yangu yenyewe ikaanza kupisha. Nikajikamata. Nikipisha, amefika kwenye waya! Nikasimama katikati ya njia, nikamtazama usoni.

"Shikamoo mama. Hupiti."

Watu wakaguna. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, ila sikusogea. Mama akajifunika kanga uso, akamgeukia Zamda, mwuza vitumbua: amuulize huyu, karogwa? Taa si zimekufa tangu jana?

Akaanza kunizunguka. Nikamkinga tena. Mara mashine ya kusaga ya pale kona ikanguruma — ile ya umeme! Nyuma yangu waya ukatoa cheche, tope likachemka. Koleo likamponyoka mama.

Selemani bado haonekani. Mashine inanguruma tu. Mama kakaa chini hapa hapa, kanipa mgongo, nami nimempa wangu. Kila anayekaribia, yeye ndiye anayemfukuza kwanza, kwa Kinyamwezi kikali.

Sasa hivi kamwita Zamda, kwa sauti ya kunifikia mimi: amwambie mkwe wake asitoke njiani.