Ubao wa Bi Lorraine

Jumatatu, 13 Oktoba

Mashine moja ya kufulia imegoma tena hotelini. Shuka zote zimepita mikononi mwetu watatu. Mgongo wangu unalia. Nimerudi, nimeswali, nimeinjika chai. Majani ya ule mti wa kwenye maegesho yameshakuwa mekundu.

Bi Lorraine wa ghorofa ya chini yangu kaja kugonga. Anahama. Magoti yameshindwa na ngazi, anakwenda kukaa kwa mwanawe Springfield. Jumamosi ya tarehe 25 anawaita majirani kuagana, kila mtu aje na chochote cha kula, kama wafanyavyo Wamarekani wenyewe majira haya. Nimeitikia vizuri, nimecheka. Nimefunga mlango, nimelia. Sina jirani mwingine hapa. Hao wengine tunapishana tu ngazini.

Jumanne, 14 Oktoba

Ubao wake wa kuandalia chakula bado uko juu ya friji. Mwaka mzima sasa. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na mimi kila nikiutazama naona sina cha kuujaza.

Niandike, maana linanichoma. Mwezi kama huu mwaka jana simu ilitoka Wete. Mama kafariki, anazikwa alasiri. Karatasi zangu hazijatimia, nikitoka nchini sirudi. Nikatandika mkeka hapa Alexandria, nikakaa msiba na mwanangu Salma, wawili tu.

Bi Lorraine akaja. Kiswahili alijifunza darasani ujanani, hukisema kama anayesoma ubaoni. "Pole sana kwa msiba wako, jirani yangu." Akaketi mkekani, na magoti yake yale. Alikuja na ubao: jibini, zabibu, matufaha, lozi, na salami imekunjwa kama maua. "Nyama ni ya ng'ombe," akasema. "Ninajua ninyi hamli nguruwe."

Nilikula zabibu. Ndicho chakula changu cha kwanza tangu ile simu.

Kesho yake Salma akasoma kibandiko cha pakiti ya salami aliyotuachia. Mbele ng'ombe kwa herufi kubwa. Nyuma, herufi kama sisimizi, nguruwe pia. Nyama tukaitupa. Bi Lorraine alipoiulizia nikasema ilikuwa tamu, tumeramba vidole. Ningesema nini? Mtu kakaa nami msiba. Tangu hapo Idi zote mbili kaniletea pakiti ileile, nami nashukuru, naitupa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Limekuwa kubwa. Nimekutana na Bi Lorraine ngazini. Kamwalika yule mama wa Kisomali wa ghorofa ya tatu na watoto wake, na kamwambia asiwe na wasiwasi wa nyama. Salami ni ileile anayokula Bi Asha, na Bi Asha ana dini yake.

Nimesimama na mfuko wa taka mkononi. Jina langu ndilo muhuri wa nguruwe. Astaghfirullahi.

Kusema kweli nimeshindwa. Nimesema ubao nitauandaa mimi, wote, asihangaike. Kafurahi mpaka kanikumbatia. Mjinga mimi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Salma kaja kutoka chuoni College Park na kapu la nguo chafu. Nimemweleza yote.

"Mama, just tell her. Ni awkward, but it's like five minutes."

Watoto wa huku. Kwao ukweli ni dakika tano. Mimi nimelelewa kwamba mwenyeji akikosea akatia chumvi kwenye chai, unakunywa na unasifu. Lakini chumvi si nguruwe, na watoto wa watu si mimi. Najua. Nimemkasirikia, kwa sababu anasema kweli.

Jumatano, 22 Oktoba

Papa Kalala, mpishi wetu hotelini, mtu wa Lubumbashi, kanifundisha kupanga. Yeye hupanga mbao hizi kwa ajili ya mikutano.

"Mama Salma, usianze na nyama. Fromaji, ile jibini, kwanza, na bakuli zako. Kiisha nyama. Kiisha matunda. Penye kubakia nafasi, tia karanga. Mbao isionekane, sawa?"

Kanikunjia vipande vya bata mzinga kwenye mdomo wa glasi. Akaipindua, likatoka waridi. Nimejaribu mara nne, la nne likakubali. Kaacha chakula chake kipoe kwa ajili yangu. Mungu amzidishie.

Nyama nimenunua kwa mchinjaji wetu. Ng'ombe mkavu mwenye viungo. Hiyo naijua ilikotoka.

Alhamisi, 23 Oktoba

Bi Lorraine kaleta pakiti mbili za salami. "Ile unayoipenda." Nimezificha kwenye friza, nyuma ya muhogo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimeshuka kwake mara mbili nimwambie. Mara ya kwanza alikuwa anafunga vikombe kwenye magazeti na anafuta machozi. Nikamsaidia kufunga, nikarudi. Mara ya pili sikugonga.

Si kitu. Kesho salami haitakuwepo mezani, na mambo yataisha. Hivyo ndivyo ninavyojidanganya.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimeamka alfajiri, sikulala tena. Jibini ya maziwa ya mbuzi katikati. Bakuli la asali, bakuli la achari ya ndimu. Ng'ombe mkavu nimemkunja waridi saba. Mapeasi, tini, tende, zabibu nyeusi. Sambusa ndogo za kidole, hizo Papa Kalala hakunifundisha. Lozi penye nafasi. Nikachuma majani mekundu ya mti wa maegesho, nikayaosha kwa sabuni, nikazungushia. Salma kacheka mpaka kakaa chini. "Mama, umefua majani." Kazi yangu ni kufua, nifanyeje? Lakini ubao umependeza. Nimeutazama nikamkumbuka mama, nikashukuru kuwa kuna aliyeniletea ubao huu siku ile.

Tumeushusha sisi wawili. Watu wakapiga makofi. Bi Lorraine kaushika ukingo, kautambua. Macho yakamjaa.

Kisha kaona salami hamna. Akaenda jikoni, akarudi na pakiti ya tatu aliyoiweka akiba. Anawaambia watu kwa Kiingereza kwamba Asha ni mpole mno, hawezi kujiwekea akipendacho. Akaifungua aipange ubaoni. Mtoto mdogo wa yule mama wa Kisomali keshanyoosha mkono.

Nimeufunika ubao kwa viganja viwili.

Nikamwambia Bi Lorraine kwa Kiswahili. Pole pole, ili anifuate. Nyama hiyo ina nguruwe ndani. Hukujua. Mimi nilijua tangu mwaka jana, nikakudanganya kwa sababu ulikaa nami. Nisamehe. Sitaki uaibike mbele ya watu.

Hapo hakuna aliyeelewa ila yeye na Salma. Nimeona maneno yakimwingia moja moja. Lilipofika nguruwe, uso ukambadilika.

"Mwaka mzima, Asha?"

Asha tu. Bila Bi.

Kaichukua pakiti, karudi nayo jikoni. Kawaambia watu imeharibika. Alikuwa mchangamfu kwa kila mtu jioni yote, mimi hakunitazama. Ubao umeisha wote, hata sambusa moja haikubaki. Nimepanda ngazi bila kuaga, ubao nimeuacha kwake. Salma kanishika mkono njia nzima.

Jumatatu, 27 Oktoba

Gari la mizigo limekuja asubuhi nikiwa kazini. Nimerudi, mlango wake uko wazi, mafundi wanapaka rangi. Hakuacha neno. Nimeona aibu na nimeona upweke, vyote kwa pamoja. Ila yule mama wa Kisomali kanisalimia ngazini kwa furaha na kaniuliza achari naitengenezaje. Watoto wake hawakula haramu kwa jina langu. Kwa hilo alhamdulillahi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mara tatu nimeshika simu. Mara tatu nimeiweka. Nimezitoa zile pakiti nyuma ya muhogo, nimezitupa. Ile ya kwanza ilikuwa niitupe mbele yake mwaka jana. Angecheka, tungecheka.

Jumapili, 2 Novemba

Saa nane za mchana nimesikia hodi. Hodi ya Kiswahili, kwa mdomo, siyo kengele.

Bi Lorraine. Mwanawe kamleta, atamfuata jioni. Kapanda ngazi zote hizi na magoti yale. Mikononi ubao, umefunikwa kitambaa cha jikoni. Kanikabidhi kabla hajakaa.

"Bi Asha. Ubao hauna nguruwe. Nimesoma kila kibandiko, mbele na nyuma, na miwani."

Mapeasi, jibini, tende, mkate wa maboga aliouoka mwenyewe. Nyama hamna hata kipande.

Kasema aliumia. Hakuumia kwa nguruwe. Aliumia kwamba nilimuogopa. Nikasema kweli, nilimuogopa. Nikamwambia pia ambalo sikuwahi kumwambia, kwamba zabibu zake ndizo zilizonirudisha kula. Kisha kaomba nitandike mkeka. Nikasema kiti kipo. Kasema mkeka.

Tumekula mpaka majani ya nje hayaonekani kwa giza. Mkate wa maboga ulikuwa umezidi sukari. Nimemwambia. Kacheka.

Kaondoka, ubao kauacha. Nimeuosha, nimeurudisha juu ya friji. Jumamosi nina nafasi. Nimwulize Salma basi gani linakwenda Springfield.